Disiki ya ordinatere ikianza kugonga, hamisha data mapema
Ndani ya disiki dure mna sahani zenye kuzunguka mara 5400 ao 7200 kwa dakika. Kichwa chenye kusoma kinapita karibu sana nazo bila kuzigusa. Disiki ikianguka ao umeme ukikatika-katika, inaweza kuharibika.

Alama ni hizi: inagonga tik-tik, inakawia kufungua, fishie zinapotea. Ordinatere ikikuomba kuifomate, kataa. Usiizimishe na kuiwasha kila mara. Kopi kwanza ku disiki ingine vile hautapata tena: picha za familia, daftari la madeni, sauti za wazee. Programu ya bure ddrescue inachukua kwanza sehemu nzima, kisha inarudilia zenye kuharibika. Fungua kopi, hakikisha inasomeka, ndipo uache disiki ya zamani.