Kuchapa Nyumbani: Mashine Analipia Nani?

Kila ukifungua simu siku hizi unakutana na tangazo: fanya kazi ukiwa nyumbani, ni kuchapa tu, huhitaji uzoefu. Vijana wenzangu wengi hapa mjini wamejaribu. Wapo waliopata kodi ya chumba humo, na wapo walioambulia patupu. Lakini jamani, tusidhani jambo hili limeanza jana. Lina historia yake, na ndani yake kuna swali moja linalorudi kila mara: mashine ikihamia nyumbani, anailipia nani?

Tuanzie 1964. Mwaka huo IBM ilitoa mashine iliyoitwa MT/ST, tapureta ya umeme iliyounganishwa na utepe wa sumaku. Mchapaji akikosea anarekebisha kwenye utepe, halafu mashine inachapa upya yenyewe. Mama zetu waliosomea uhazili kule Tabora wanajua uzito wa jambo hilo. Wao wakikosea mstari mmoja kwenye barua ya bosi, walichomoa karatasi na kuanza upya.

MT/ST ilikuwa mashine ya ofisini, ila mwandishi wa riwaya Len Deighton wa London aliikodi akaiweka nyumbani kwake. Ilikuwa na uzito wa kilo 90 hivi, na dirisha lilibidi litolewe ndipo ikaingia. Riwaya yake ya Bomber, iliyotoka 1970, hutajwa kuwa ya kwanza duniani kuandikwa kwa mashine ya kuchakata maneno. Jina la jaladani ni la Deighton, lakini aliyekuwa akiiendesha mashine ni msaidizi wake, Ellenor Handley, ambaye kabla ya hapo alikuwa akichapa upya sura zile zile mara nyingi mno. Handley alikuwa ameajiriwa na mashine aliilipia bosi. Mpaka hapo hakuna utata.

Utata ulikuja baadaye. Mwaka 1973, wakati dunia inaingia kwenye shida ya mafuta, Jack Nilles wa Chuo Kikuu cha Southern California alikuwa akitafiti wazo jipya: badala ya mfanyakazi kuifuata kazi kwa gari, kazi imfuate kwa waya wa simu. Mwaka 1980 Alvin Toffler, katika kitabu chake The Third Wave, akatabiri kwamba nyumba zetu zitageuka vibanda vya kazi vya kielektroniki. Wenye makampuni wakasikia, hasa ile sehemu ya kupunguza gharama.

Miaka hiyo ya 1980 kampuni ya bima ya afya ya Blue Cross Blue Shield ya South Carolina, Marekani, ilikuwa na wanawake waliochapa fomu za madai wakiwa majumbani. Walilipwa kwa idadi ya fomu. Kompyuta waliyotumia? Waliikodi kutoka kwa kampuni hiyo hiyo! Yaani unamlipa bosi ili umfanyie kazi.

Mwaka 1983 shirikisho la vyama vya wafanyakazi, AFL-CIO, likadai kazi za kompyuta za nyumbani zipigwe marufuku. Wazee wale walikumbuka cherehani. Miaka ya 1940 serikali ya Marekani ilikuwa imezuia kazi za nyumbani katika fani saba za ushonaji na urembo, kwa sababu ujira mdogo uliofichwa nyuma ya pazia haukaguliki. Wakaona kibodi ni cherehani nyingine.

Ila wanawake wenyewe hawakuwa na kauli moja. Wafumaji wa nyumbani wa Vermont walipinga marufuku hiyo, na mwaka 1984 ikaondolewa kwa upande wa sweta. Mwenye mtoto mchanga, au anayeishi mbali na mji, angefanya kazi wapi? Nao walikuwa na hoja. Mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani likapitisha Mkataba namba 177, ambao haukatazi kazi ya nyumbani ila unataka anayeifanya atendewe sawa na wafanyakazi wengine. Nchi zilizouridhia ni chache, nyingi za Ulaya.

Mimi mwenyewe nimeonja kazi hii. Nimewahi kuchapa mahojiano kutoka kwenye sauti, malipo kwa dakika ya sauti, siyo kwa saa niliyokaa. Dakika moja yenye kelele ilinila robo saa. Kompyuta yangu, bando langu, umeme wangu. Nilipotoa hizo zote, kilichobaki kilikuwa nauli ya siku chache.

Sasa sikilizeni hili, hasa mlio Tanzania Bara. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mkataba uwe umeandikwaje, kama kuna dalili hata moja kati ya zilizotajwa. Mojawapo ni kumfanyia mtu kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Nyingine ni kumtegemea yeye kiuchumi, au kupewa naye vitendea kazi. Kumbana bosi aliye ng'ambo ni kazi nyingine, lakini aliye Kariakoo au Masaki hana pa kukimbilia.

Kwa hiyo ukiitwa "mshirika huru", andika saa zako, tunza ujumbe na risiti. Halafu kabla hujakubali bei, piga hesabu ya mashine kwanza. Ukikuta unailipia wewe, bei hiyo ni ndogo kuliko ulivyoambiwa.

Nawasilisha.