Saratani ya ngozi ya paka

Saratani ya ngozi ya paka ni uvimbe unaoshambulia hasa masikio, pua na kope za paka weupe. Chanzo chake kikuu ni jua. Kwa mfano, Machame, kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na kadiri unavyopanda mlima ndivyo miali ya urujuanimno inavyozidi. Ukungu hauizuii yote. Jua hilohilo huwadhuru watu wenye ualbino wanaohudumiwa katika hospitali ya KCMC, Moshi.

Ugonjwa huanza na gamba au kidonda kisichopona, ambacho kwa bahati mbaya wengi hudhani ni mkwaruzo wa ugomvi. Tiba ya uhakika ni upasuaji: daktari wa mifugo humlaza paka kwa dawa ya usingizi, kisha hukata sehemu ya sikio iliyougua pamoja na ukingo wa ngozi yenye afya. Akiwahiwa, paka hupona mara nyingi, na huendelea kusikia. Puani kazi ni ngumu zaidi. Uvimbe mdogo huweza kugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika.

Usimpe paka parasetamoli kamwe: humuua. Wala usimpake mafuta ya jua yenye oksidi ya zinki, kwani atayalamba. Kidonda cha sikio kisichofunga kionyeshwe kwa daktari mapema.