Lengo, hadhira na toni katika mawasiliano

Lengo, hadhira na toni ni mambo matatu yanayoamua kama maandishi au mazungumzo yatafika yanakokusudiwa. Lengo ni lile ambalo mwandishi au msemaji anataka litokee baada ya ujumbe kupokelewa. Hadhira ni watu wanaokusudiwa. Toni ni msimamo wa mwandishi au msemaji mbele ya watu hao na mbele ya jambo lenyewe, nao hujitokeza katika uteuzi wa maneno, urefu wa sentensi, namna ya kuwaita watu na, katika mazungumzo, kiimbo. Lugha sanifu peke yake haitoshi. Sentensi isiyo na kosa hata moja inaweza kumkosa msikilizaji, na maneno mawili yaliyopakwa rangi ukutani yanaweza kumfikia kila apitaye.

Chimbuko la wazo

Wazo hili ni la kale. Katika karne ya 4 KK, mwanafalsafa Aristotle wa Ugiriki aliainisha hotuba kwa kuangalia wasikilizaji: za mahakamani, zinazopima yaliyopita, za barazani, zinazoshauri juu ya yajayo, na za sherehe, zinazosifu au kulaumu. Mwaka 1984 mwanaisimu Allan Bell alieleza jinsi msemaji anavyounda mtindo wake kwa kuangalia hadhira. Alikuwa amewachunguza wasomaji wa habari wa redio nchini New Zealand, akakuta kwamba msomaji yuleyule hubadilisha matamshi anapohama kutoka kituo kimoja hadi kingine. Mtu alikuwa yuleyule, habari zilifanana. Waliobadilika ni wasikilizaji.

Mazingira ya Kibera

Mfano wa mahali ambapo mambo haya huonekana wazi ni Kambi Muru, kimojawapo cha vijiji vya Kibera jijini Nairobi, pamoja na Makina, Mashimoni, Lindi, Kisumu Ndogo, Gatwekera, Kianda, Silanga na Laini Saba. Jina Kibera limetokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu, na historia ya mtaa huu inaanza na askari Wanubi wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, waliopewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Leo mkazi mmoja anaweza kusema Kinubi, Kijaluo, Kiluhya au Kikamba nyumbani, Kiswahili sokoni, Sheng, lugha ya vijana wa mjini, kijiweni na Kiingereza anapojaza fomu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kama lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, kama lugha rasmi. Kwa hiyo anayetaka kusema na watu wa Kambi Muru huanza kwa kuamua atasema kwa lugha ipi, na katika lugha hiyo kwa sajili ipi, yaani mtindo upi wa matumizi.

Lengo

Ujumbe huweza kuarifu, kuomba, kushawishi, kuonya, kufariji au kuburudisha, na kila lengo huvuta umbo lake. Maandishi "Mbwa kali", yanayoonekana kwenye malango mengi ya Nairobi, yanaonyesha jambo hili. Mwalimu wa sarufi angeandika "mbwa mkali", lakini lengo la maandishi hayo ni kumsimamisha mgeni kabla hajagusa komeo, na hilo hutimia. Maneno yaleyale katika barua ya kuomba kazi yangemharibia mwombaji, kwa kuwa lengo la barua ni kujenga imani, na kosa dogo la upatanisho huibomoa. Kosa hupimwa kwa kazi ambayo maneno yamepewa.

Hadhira

Kuijua hadhira ni kujua umri wake, lugha yake, mambo inayoyajua tayari, yanayoihangaisha na wakati ilio nao. Jarida la katuni la Shujaaz, lililoanza nchini Kenya mwaka 2010, lilichagua vijana na likaandikwa kwa Sheng. Mhusika wake Boyie ni kijana anayeendesha redio ya siri, na kupitia kwake wasomaji hupata mawazo ya kujitafutia riziki na habari za maisha ya ujana. Ushauri huohuo, ukiandikwa kwa lugha ya semina, ungebaki mezani.

Kando ya hadhira iliyokusudiwa kuna hadhira inayosikia kwa mbali. Ujumbe uliotumwa kwa kundi la simu la majirani husambazwa, na redio humfikia hata asiyealikwa. Kenya ilijifunza hili kwa uchungu baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata, ilieleza jinsi baadhi ya vituo vya redio vya lugha za mama vilivyochangia kueneza chuki. Kibera yenyewe iliungua vibaya. Katika siku hizo Pamoja FM, redio ya jamii iliyoanzishwa humo mwaka 2007, ilitangaza ujumbe wa amani kwa watu wa makabila yote, na msanii anayejulikana kama Solo 7 alipaka maneno mafupi ya amani kwenye kuta na vibanda. Wote wawili walichagua maneno ambayo adui na jirani wangeweza kuyapokea kwa pamoja. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, inayofanya matamshi ya chuki kuwa kosa la jinai.

Toni

Toni hubeba heshima, au ukosefu wake. Mwenye duka anayeandika ukutani "Kukopa harusi, kulipa matanga" anakataa kumkopesha mteja bila kumtaja wala kumwaibisha. Methali ni ya wote, hivyo aliyenyimwa hana wa kugombana naye, na kesho atarudi na pesa zake. Maneno makavu ya kumkatalia yangebeba maana ileile na kumpotezea muuzaji mteja pamoja na ujirani. Toni huonekana pia katika kuitana. "Mzee", "mama", "mheshimiwa" na "msee" humweka anayeitwa mahali pake, na kukosea mahali hapo huziba masikio kabla hoja haijaanza.

Mambo matatu yakifanya kazi pamoja

Uhusiano wa mambo haya huonekana vizuri pale jambo moja linapopelekwa kwa watu tofauti. Kikundi cha vijana wa kijijini kikitaka kuzibua mtaro uliojaa taka, barua yake kwa chifu itakuwa na anwani, tarehe na kichwa, kisha ombi bayana: "Kikundi chetu kinaomba ruhusa ya kusafisha mtaro mkuu wa kijiji Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi." Bango la ukutani halina nafasi ya adabu ndefu: "Usitupe taka mtaroni. Mvua ikinyesha, maji huingia nyumbani." Kwa vijana, redioni: "Wasee wa Kambi Muru, Sato saa mbili tupatane kwa mtaro. Kuja na jembe, na mshow beshte yako." Katika mkutano wa kina mama, msemaji ataanzia kwenye tajriba yao: "Mama zetu, mnajua mvua ikinyesha usiku ni nani huamka kuinua watoto na magodoro."

Mtaro ni mmoja, lakini malengo ni manne: kupata ruhusa, kuzuia tabia, kukusanya nguvu kazi na kupata uungaji mkono. Barua isomwe redioni, vijana watabadilisha stesheni. Tangazo la redio lipelekwe kwa chifu, ataona amedharauliwa.

Maandishi na mazungumzo

Msemaji huziona nyuso za wasikilizaji. Wakianza kunong'onezana, hupunguza maneno, hutoa mfano au hubadilisha sauti. Mwandishi hana nafasi hiyo, kwa hiyo humwazia msomaji wake mapema na kujibu maswali kabla hayajaulizwa. Msikilizaji naye hawezi kurudi nyuma kama msomaji afungulavyo ukurasa uliopita. Ndiyo maana hotuba nzuri hurudia hoja kuu na kutumia sentensi fupi.

Katika elimu

Shuleni stadi hii hufunzwa hasa kupitia uandishi wa kiuamilifu: barua, tangazo, ilani, hotuba, kumbukumbu za mkutano, ripoti na tahariri. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari nchini Kenya, Karatasi ya kwanza ya Kiswahili ni ya insha, na swali lake la kwanza, ambalo ni la lazima, huwa la aina hii. Mtahiniwa hupimwa kwa sura ya utungo, maudhui, mtindo na lugha. Mwanafunzi anayekariri sura peke yake, yaani anwani mahali pake na sahihi mahali pake, huwa amejifunza nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujiuliza, kabla ya kuandika neno la kwanza, nani atasoma, afanye nini akimaliza kusoma, na aitwe kwa jina gani.