Kutoka CD mpaka bando: wimbo ni wa nani?

Test zimeisha, boom nalo limeisha, kwa hiyo leo tuongee historia maana haina kiingilio. Juzi rumuni kwetu ulizuka ubishi. Mmoja kasema, "Mimi nina nyimbo elfu tatu." Mwenzake akamjibu, "Huna hata moja, nunua bando kwanza." Tulicheka sana, ila mimi lile jibu limenikaa. Zamani mtu akisema ana nyimbo, alimaanisha anazo kabatini na unaweza kwenda kuziazima. Sasa tumefikaje hapa? Twende taratibu.

CD ilianza kuuzwa Japani Oktoba 1982, kazi ya pamoja ya Sony na Philips ya Uholanzi. Sahani ya sentimita 12, dakika 74 hivi za muziki, inasomwa kwa mwanga wa leza kwa hiyo haichakai kwa kuchezwa kama santuri au kanda. Kuna jambo wengi hawalioni hapa: muziki ulioko ndani ya CD tayari ni namba. Sauti imepimwa mara 44,100 kwa kila sekunde. Yaani safari ya dijitali haikuanza na simu, ilianza palepale kwenye CD. Na waliobuni CD hawakuzifunga zile namba kwa kufuli la maana. Wangeogopa nini? Mwaka 1982 kompyuta ya nyumbani haikuwa na pa kuweka hata albamu moja.

Kwetu Tanzania CD haikuing'oa kanda haraka. Bongo Fleva ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 bado ilisambaa kwa kanda kutoka Kariakoo. Wengi wetu tuliijua CD ikiwa tayari imechomwa na mtu, imejazwa nyimbo mia na zaidi, jina limeandikwa kwa maka peni, inauzwa na machinga kituoni.

Hizo nyimbo mia ziliingiaje kwenye sahani ya albamu moja? Hapo ndipo wanaingia Wajerumani. Taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, akiwemo Karlheinz Brandenburg, walifanya kazi miaka mingi juu ya wazo moja: sikio la binadamu halisikii kila kitu. Sauti kubwa huifunika ndogo iliyo karibu nayo. Basi itupe ile iliyofunikwa, msikilizaji hataikosa. Brandenburg alitumia "Tom's Diner" wa Suzanne Vega kujipima, kwa sababu ni sauti tupu bila ala na kasoro yoyote inasikika. Julai 1995 faili zikapewa mkia wa .mp3. Wimbo ukapungua mpaka karibu sehemu moja ya kumi na moja ya ukubwa wake kwenye CD.

Sasa wadau wenzangu wa hosteli, hapa historia inatuhusu. Mwaka 1999 mwanafunzi wa miaka 18, Shawn Fanning, wa Northeastern pale Boston, alitengeneza Napster. Kompyuta yako ikaweza kuchukua wimbo moja kwa moja kutoka kompyuta ya mtu usiyemjua. Ilishika moto vyuoni kwa sababu majumbani intaneti ilipita kwenye waya wa simu, inatambaa kama kobe, wakati mabweni yalikuwa na laini ya kasi. Desemba mwaka huohuo makampuni ya muziki yakaenda mahakamani. Aprili 2000 Metallica nao wakashtaki, na kwenye kesi wakaviunganisha na vyuo, Yale kikiwemo. Julai 2001 Napster ikazimwa.

Ila watu walikuwa wameshaonja. Walitaka wimbo mmoja, sio albamu nzima kwa ajili ya wimbo mmoja. Apple wakalielewa hilo. Oktoba 2001 walitoa iPod ya GB 5, nyimbo 1,000 mfukoni. Aprili 2003 wakafungua duka, wimbo mmoja senti 99 za dola, na wiki ya kwanza ziliuzwa zaidi ya milioni moja.

Tatizo lilikuwa kufuli. Faili za kulipia nyingi ziliuliza ruhusa kwenye seva ya muuzaji kabla hazijacheza kwenye kompyuta mpya. Mwaka 2008 Microsoft walitangaza kuzima seva za duka lao la MSN Music, na Yahoo nao wakatangaza vivyo hivyo. Jamani, aliyelipa kihalali ndiye aliyetakiwa kuhangaika, na aliyechukua bure faili yake inacheza tu! Baada ya kelele Microsoft waliahirisha, Yahoo wakaahidi kufidia watu. Mwaka 2009 Apple wakaondoa kufuli kwenye nyimbo zao.

Kisha ikaja Spotify, iliyoanzishwa Stockholm 2006 na kufunguliwa kwa watu 2008. Huku kwetu ilifika Februari 2021, Kenya na Uganda pia. Kabla ya hapo tulishapita kwenye vibanda vya kujaziwa nyimbo kwenye memori kadi, na Boomplay ikaja na simu za Tecno. Faida ni kubwa, tusiwe wanafiki. Kijana wa Mbagala anatoa wimbo leo na Mombasa wanausikia leoleo. Mimi namsikiliza Mbaraka Mwinshehe nikiwa kitandani. Lakini hapo hununui kitu, unalipia ruhusa. Mkataba wa kampuni ukiisha, wimbo unapotea na hakuna anayekupigia simu. Na aliyedhani mtandao hausahau akumbuke Machi 2019, MySpace walipokiri kwamba muziki uliopakiwa kwa zaidi ya miaka kumi umepotea wakati wa kuhamisha seva. Zilikadiriwa nyimbo zaidi ya milioni 50. Wapo wasanii ambao hiyo ndiyo ilikuwa nakala yao pekee.

Sasa baba mdogo anahama, ana CD zinazofika mia, na anataka kuzitupa kwa kuwa "kila kitu kipo kwenye simu." Nimemwambia asubiri. Kwanza atenganishe zile za kiwandani na zile za kuchoma. Za kuchoma zinategemea rangi inayofifia kwa miaka, kwa hiyo zinakiliwe kwanza. Laptop za siku hizi hazina mlango wa CD, lakini kuna visomeo vidogo vya kuchomeka kwenye USB. Albamu ikinakiliwa kwa FLAC, ambayo haitupi chochote, inachukua kama MB 400. Mia moja ni GB 40, zinaingia kwenye flashi moja ya GB 64. Flashi ziwe mbili na zikae nyumba mbili. Na vile vikaratasi vya ndani asivitupe: vina majina ya wapiga magitaa na studio, ambayo kwenye programu mara nyingi hayapo.

Msimamo wangu ni huu: kusikiliza tuwaachie wenye seva, kutunza tufanye wenyewe. Kampuni itatunza wimbo siku zote ambazo una faida. Ule wa bendi iliyovunjika zamani, aliyonao kabatini ndiye makumbusho.

Nyie kwenu mna nini kabatini? Niambieni. Mimi nakimbilia foleni ya maji kabla hayajakatika.