Kalsiamu katika Seli Nyekundu za Damu: Historia ya Ugunduzi Uliochelewa

Seli nyekundu ya damu ya binadamu haina kiini, haina mitokondria, haijikunji kama msuli wala haitoi homoni kama tezi, na kwa hiyo wanafiziolojia wa nusu ya kwanza ya karne ya 20 hawakuwa na sababu kubwa ya kuihusisha na kalsiamu, madini ambayo kazi zake zilizojulikana wakati huo zilikuwa katika mifupa, moyo, neva na kuganda kwa damu. Seli hiyo ilichukuliwa kuwa kifuko tu cha himoglobini, yaani ile protini yenye chuma inayobeba oksijeni, na watafiti waliipenda zaidi kwa sababu ilipatikana kwa wingi na kwa urahisi. Historia ya jinsi kalsiamu ilivyotambuliwa ndani ya kifuko hicho ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya ufundi wa maabara, kwa kuwa karibu kila hatua ilisubiri mtu abuni njia mpya ya kuiosha, kuipasua au kuiziba tena seli ile ile.

Msingi uliwekwa London. Mwaka 1883 Sydney Ringer, tabibu wa University College Hospital, alitangaza kwamba majaribio yake ya awali juu ya moyo wa chura yalikuwa na kasoro, kwa kuwa myeyusho wa chumvi alioudhani kuwa wa maji yaliyokenekwa ulikuwa umetengenezwa kwa maji ya bomba, ambayo yalikuwa na kalsiamu. Alipotumia maji yaliyokenekwa kwelikweli moyo ulidhoofika, na alipoongeza kalsiamu kidogo ukarudi kupiga. Mwaka 1890, nchini Ufaransa, Maurice Arthus na Calixte Pagès walionyesha kwamba damu iliyoondolewa kalsiamu haigandi, na kwa kufuata njia hiyo Albert Hustin wa Brussels na Luis Agote wa Buenos Aires, kila mmoja kivyake, walianza mwaka 1914 kutumia sitreti, chumvi inayoishika kalsiamu na kuizuia isifanye kazi yake, ili damu ya kuongezewa wagonjwa isigande kabla ya kuwafikia. Hapa pana kinaya kisichotajwa mara nyingi: ufundi uliowezesha damu kuhifadhiwa na kuchunguzwa kwa utulivu ndio uliokuwa ukiinyima kalsiamu nafasi katika kila chupa, hata mtafiti aliyepokea damu ya sitreti akawa amepokea damu ambayo swali lake lilikwisha kufutwa.

Aliyelifufua swali hilo, yaani kalsiamu ina kazi gani katika seli nyekundu, alikuwa György Gárdos, mtafiti kijana wa Budapest katika maabara ya F. Bruno Straub, mwanabiokemia aliyejipatia jina kwa kugundua aktini, protini ya msuli, na ambaye mwaka 1988, kwa mkasa wa siasa za Hungaria, angekuja kuwa mkuu wa nchi. Ufundi ambao Gárdos alichangia kuujenga una hatua ambazo ni rahisi kuzieleza lakini ngumu kuzitekeleza. Seli huoshwa kwa maji ya chumvi katika mashine inayozizungusha kwa kasi hadi zitulie chini. Kisha hutiwa katika maji yenye chumvi haba, zikanywa maji, zikavimba na kupasuka, na himoglobini ikamwagika nje hata mabaki yakapauka. Halafu chumvi hurudishwa na joto huongezwa hadi karibu nyuzi 37, na utando wa seli, yaani ule ukuta mwembamba unaoizunguka, hujiziba wenyewe, ukiwa umefungia ndani kitu chochote ambacho mtafiti alikitia wakati ulipokuwa wazi. Mwaka 1954 Gárdos alionyesha kwamba maganda ya namna hiyo, yakitiwa ATP, ile kemikali inayobeba nishati katika seli, huweza kuingiza potasiamu kutoka nje, jambo lililothibitisha kwamba nishati ya kazi hiyo hutoka katika ATP.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyobeba jina lake. Ilikwisha kujulikana tangu miaka ya 1930, kutokana na kazi ya Walther Wilbrandt, kwamba seli nyekundu zikilishwa sumu zinazovuruga matumizi ya sukari huanza kupoteza potasiamu, lakini sababu haikuwa wazi. Katika makala ya mwaka 1958 Gárdos alieleza kwamba upotevu huo ulikoma alipoongeza EDTA, kemikali inayozishika ioni za metali kama kalsiamu, na kwamba kalsiamu ndiyo iliyokuwa ikifungua njia ya potasiamu. Makala yenyewe ilikuwa fupi, na inafaa kusemwa kwamba ufupi huo haukulingana na uzito wake, kwa sababu ndani yake mlikuwa na mfano wa kwanza wa njia ya potasiamu inayofunguliwa na kalsiamu, njia ambazo baadaye zilikutwa katika neva, misuli na tezi. Ile ya seli nyekundu huitwa hadi leo njia ya Gárdos, na jeni lake, KCNN4, lilitambuliwa mwaka 1997.

Ugunduzi huo ulizaa swali jingine: ikiwa kalsiamu kidogo tu yatosha kuivuruga seli, ni nini kinachoizuia isijae humo, ilhali plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu, ina takriban milimoli 1.2 za kalsiamu huru katika kila lita, kiasi kinachozidi kile cha ndani ya seli kwa zaidi ya mara 10,000? Jibu lilitoka Bern, Uswisi, kwa Hans Jürg Schatzmann, ambaye mwaka 1953 alikwisha kuonyesha kwamba dawa za moyo za jamii ya strofanthini husimamisha usafirishaji wa sodiamu na potasiamu katika seli nyekundu. Mwaka 1966 aliripoti kwamba seli hizo hutumia ATP kuitoa kalsiamu nje dhidi ya mkondo wake, kama mabaharia wanavyofua maji yanayopenya katika mbao za jahazi, bila kukoma na bila kutarajia kuyamaliza. Pampu hiyo ilitengwa na kusafishwa mwaka 1979 na Verena Niggli, John Penniston na Ernesto Carafoli.

Katika tiba, elimu hii iligusa kwanza ugonjwa wa selimundu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 ushahidi kutoka Afrika Mashariki kwamba wenye jeni moja la selimundu hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria. Wenye majeni mawili, hata hivyo, hupata ugonjwa wenyewe, na nchini Tanzania pekee hukadiriwa kuzaliwa watoto wapatao 11,000 wa namna hiyo kila mwaka. Himoglobini yao hushikamana na kuwa nyuzi pale inapoacha oksijeni, na hushikamana upesi zaidi seli inapopungukiwa na maji. Mwaka 1973 John Eaton na wenzake waliripoti kwamba seli hizo zina kalsiamu nyingi kuliko kawaida, na maelezo yakaonekana kukamilika: kalsiamu huingia, njia ya Gárdos hufunguka, potasiamu hutoka, maji huifuata, seli hukauka. Mwaka 1985, hata hivyo, Virgilio Lew, Robert Bookchin na wenzao waligundua kwamba ziada hiyo ilikuwa imefungiwa katika vifuko vidogo ndani ya seli, mahali isipoweza kuigusa njia ya Gárdos. Maelezo hayakuanguka, lakini yalibadilika: kilichotiliwa mkazo sasa kilikuwa upenyo wa muda mfupi wa kalsiamu huru, si akiba iliyolala.

Mlango mmoja wa upenyo huo ulipatikana mwaka 2010, pale maabara ya Ardem Patapoutian huko Marekani ilipotambua Piezo1, protini ya utando inayofunguka inapobonyezwa, kama inavyotokea seli nyekundu inapojipenyeza katika mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe. Mwaka 2012 mabadiliko ya jeni lake yalihusishwa na ugonjwa wa kurithi unaokausha seli nyekundu, na mwaka 2018 kundi la Patapoutian lilieleza badiliko jepesi zaidi, linalobebwa na takriban theluthi moja ya watu wenye asili ya Afrika, ambalo walilihusisha na kinga dhidi ya malaria, ingawa tafiti zilizofuata hazikukubaliana juu ya nguvu ya athari zake.

Dawa ya kuziba njia ya Gárdos, senikapoki, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa selimundu. Ilipunguza kupasuka kwa seli na kupandisha himoglobini, lakini haikupunguza vipindi vya maumivu makali, na jaribio lilisitishwa. Haidroksiurea, dawa iliyoenea zaidi kwa wagonjwa hao, hufanya kazi hasa kwa kuongeza himoglobini ya aina ya kijusi, si kwa kuziba njia za kalsiamu.