Shahidi Naye Ahojiwe: Historia ya Kurekebisha Programu Zinazosoma Pakiti

Katikati ya Novemba 2002, watu waliopakua programu ya tcpdump na maktaba yake, libpcap, kutoka tovuti ya mradi huo walipata na nyongeza ambayo hawakuiomba. Mtu alikuwa ameingia kwenye seva na kuuchezea msimbo. Ukianza tu kuiandaa programu kwenye kompyuta yako, hati ya maandalizi ilivuta kipande kingine cha msimbo kimyakimya, nacho kikawasiliana na mashine ya mbali kupitia mlango namba 1963 na kungoja amri. Amri mojawapo ilimpa mgeni uwezo wa kuiendesha kompyuta yako kana kwamba ameketi mbele yake. Akiwa hana haja nayo kwa wakati huo, kipande hicho kililala saa moja, kisha kikabisha hodi tena.

Mpaka hapo ni uvamizi kama mwingine wowote. Ujanja wenyewe ulikuwa ndani ya libpcap. Kazi ya tcpdump ni kuonyesha kila pakiti inayopita kwenye waya, kwa hiyo mwenye shaka angeiwasha aone mashine yake inazungumza na nani. Mvamizi alilijua hilo, akabadilisha sehemu ya maktaba inayochuja pakiti ili yoyote inayohusu mlango 1963 iachwe bila kuonyeshwa. Shahidi alikuwa amehongwa. Waliogundua ni wanachama wa kikundi cha watumiaji wa Linux cha Houston, Texas, na onyo likatolewa kwa dunia nzima ndani ya siku chache.

Kisa hicho husimuliwa sana kwa sababu kina mhalifu. Lakini ukipitia kumbukumbu za matengenezo ya programu hizi, utakuta uhalifu ni sehemu ndogo mno. Dosari nyingi zilitokana na jambo moja ambalo halina hila yoyote: programu iliyoandikwa kwa ajili ya kuchunguza pakiti ilikuwa ikiamini kile ambacho pakiti inasema juu ya nafsi yake.

Chanzo cha programu hizi ni msongamano wa mtandao. Mwezi Oktoba 1986, kasi ya mawasiliano kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley iliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Kati ya pande hizo mbili kulikuwa na yadi 400 tu. Mtu angeandika ujumbe kwenye karatasi, akaupeleka kwa miguu na kuutangulia mtandao. Van Jacobson wa maabara hiyo, akishirikiana na Michael Karels, alichunguza kilichokuwa kikitokea, na mwaka 1988 akachapisha mbinu za kuzuia msongamano ambazo intaneti inazitegemea hadi leo.

Uchunguzi wa namna hiyo unahitaji macho. Kampuni ya Sun ilikuwa na programu yake ya kutazama pakiti, etherfind, lakini haikuwatosheleza watu wa Berkeley. Mwaka huo huo wa 1988, Jacobson na wenzake Craig Leres na Steven McCanne walianza kuandika tcpdump. Baadaye sehemu ya kunasa pakiti ilitengwa ikawa libpcap. Mnamo Januari 1993, McCanne na Jacobson wakaeleza mbele ya mkutano wa USENIX huko San Diego namna ya kuchuja pakiti ndani ya kiini cha mfumo endeshi, kabla hazijanakiliwa kwenda kwa programu. Vipimo vyao vilionyesha kasi ya mara 10 hadi 150 ya ile ya mfumo wa Sun kwenye mashine ileile. Kuna jambo moja katika muundo huo ambalo mimi naliona la busara kuliko hata kasi: amri za kichujio huruhusiwa kuruka kwenda mbele tu, hazirudi nyuma kamwe, kwa hiyo kichujio hakiwezi kuzunguka bila mwisho na kuing'ang'ania mashine. Laiti busara hiyo ingeingia pia katika sehemu inayozichapa pakiti kwa maneno, historia yetu ingekuwa fupi.

Hebu tuangalie pakiti ilivyo. Ni kama bahasha: nje ina anwani za mtumaji na mpokeaji, ndani ina mzigo. Tofauti ni kwamba bahasha hii pia imeandikwa urefu wake na wa vitu vilivyomo, na urefu huo umeandikwa na mtumaji mwenyewe. Programu inayoichambua husoma namba hiyo, kisha inasonga mbele kwenye kumbukumbu ya kompyuta kwa idadi hiyo ya baiti. Sasa, kwa miaka mingi tcpdump ilinasa baiti 68 za mwanzo tu za kila pakiti, maana vichwa ndivyo vilivyotakiwa na nafasi ya diski ilikuwa ghali. Pakiti ikisema nina baiti 1,000, na mkononi zipo 68, mwandishi wa programu anapaswa kuuliza kila mara: hivi baiti ninayotaka kuisoma ninayo kweli? Akisahau kuuliza mahali pamoja katika maelfu, programu inasoma nje ya mpaka na kuanguka. Au, vibaya zaidi, inatii kitu ambacho adui amekiweka hapo.

Namba ndogo ina hatari yake pia. Pakiti nyingi hubeba vipengele vilivyopangwa foleni, kila kimoja kikitaja urefu wake ili msomaji ajue kinachofuata kinaanzia wapi. Je, kikisema urefu wangu ni sifuri? Msomaji anasonga mbele hatua sifuri, anakikuta kipengele kilekile, anakisoma, anasonga tena hatua sifuri. Mwaka 2005 ilibainika kwamba tcpdump 3.8.3 ingeweza kunaswa katika mzunguko wa namna hiyo kwa pakiti zilizotengenezwa makusudi za itifaki za BGP, IS-IS na RSVP. Hizo ni itifaki ambazo mitambo mikubwa ya intaneti huzitumia kuelekezana njia, na wanaozichunguza kwa tcpdump ni mafundi wanaoilinda mitambo hiyo.

Kabla ya hapo, mtu mwingine wa maabara ileile ya Lawrence Berkeley alikuwa ameshaonyesha kwamba hata pakiti zikiwa halali na programu isianguke, rekodi yenyewe inaweza kusema uongo. Vern Paxson alikuwa na rekodi za usafirishaji wa faili upatao 20,000 kati ya vituo 35 vya intaneti, akaandika programu ya kuzichambua aliyoiita tcpanaly. Katika makala yake ya mwaka 1997 alieleza aliyokumbana nayo. Zipo pakiti zilizopita lakini kinasa hakikuziona wala hakikukiri kuzikosa. Zipo zilizorekodiwa mara mbili, na zilizorekodiwa kwa mpangilio usio wao, kiasi kwamba jibu linatangulia swali. Zipo pia saa za kompyuta zilizorudi nyuma. Paxson alitamani tcpanaly itumie kanuni za jumla kwa kila mashine, ikashindikana. Ilibidi aifundishe tabia ya kila mfumo endeshi, mmoja mmoja, pamoja na vituko vyake. Makala hiyo naiona bora kuliko zote katika uwanja huu, kwa sababu mwandishi anaanza kwa kuihoji rekodi kabla ya kuutuhumu mtandao.

Wakati Paxson anachapisha hayo, kijana mmoja aliyesoma Chuo Kikuu cha Missouri, Gerald Combs, alikuwa akifanya kazi katika kampuni ndogo ya huduma za intaneti huko Kansas City. Programu za kibiashara za kuchambua itifaki ziliuzwa kama dola 1,500, na hazikufanya kazi kwenye mifumo ambayo kampuni hiyo iliitumia. Akaanza kuandika ya kwake, Ethereal, na toleo la kwanza likatoka Julai 1998. Tofauti na mistari mikavu ya tcpdump, Ethereal ilikuwa na madirisha ya kubofya, na wageni wakaanza kuiletea vichambuzi vya itifaki walizozijua. Leo tunaiita Wireshark, jina ililopewa mwaka 2006 Combs alipohama kazi na jina la zamani likabaki kwa mwajiri wake wa awali.

Wingi huo wa wachangiaji ndio uliokuwa utajiri wa Ethereal, na ndio uliokuwa balaa lake. Kila kichambuzi kipya kiliandikwa na mtu anayeijua itifaki fulani, si lazima awe anajua kuandika msimbo salama. Gilbert Ramirez, mmoja wa wachangiaji wa mwanzo, alitafuta dawa mwaka 2000. Aliunda chombo cha kushikilia data ya pakiti ambacho, kwa maelezo yake ndani ya msimbo, hukasirika mtu akitaka kusoma nje ya mpaka. Kikikasirika, uchambuzi wa pakiti hiyo unakatishwa na mtumiaji anaonyeshwa kwamba pakiti ina kasoro, programu ikiendelea na inayofuata. Yaani ukaguzi ukahamishwa kutoka kwa mamia ya waandishi wenye kusahau kwenda mahali pamoja pasiposahau.

Haikutosha. Matangazo ya dosari za usalama yaliendelea kutoka, na kabla ya toleo lao la 3.6 la mwaka 2004, watu wa mfumo endeshi wa OpenBSD, ambao kwa usalama hawana mzaha, waliiondoa Ethereal kwenye orodha ya programu wanazowaandalia watumiaji wao. Ilikuwa adhabu kali, lakini sioni kwamba walikosea. Ili kunasa pakiti, programu ilihitaji mamlaka ya msimamizi mkuu wa mashine. Hivyo msimbo wote wa vichambuzi, mzuri na mbovu, ulikuwa ukiendeshwa kwa mamlaka hayo.

Mwaka huo huo ulikuwa umeshatoa mfano wa kutisha. Machi 2004, mnyoo wa kompyuta ulioitwa Witty ulisambaa duniani siku moja tu baada ya dosari iliyoutumia kutangazwa. Haukushambulia kompyuta zisizolindwa. Ulishambulia zile zilizowekewa bidhaa za ulinzi za kampuni ya ISS, kwa sababu kichambuzi cha ICQ, itifaki ya kutumiana ujumbe, ndani ya bidhaa hizo kilikuwa na dosari. Pakiti moja ilitosha. Kichambuzi kikiisoma, kimekwisha. Mashine zipatazo 12,000 ziliambukizwa, na mnyoo ukawa unaandika takataka kwenye diski zao hadi zikazima. Jirani asiyekuwa na ulinzi huo alilala salama. Mganga hajigangi, wahenga walisema, ila huyu alikuwa anaambukizwa kwa kumpima mgonjwa.

Ethereal, na baadaye Wireshark, ilijibu kwa kujigawa. Kazi ya kunasa ikapewa programu ndogo peke yake, dumpcap, yenye msimbo mfupi unaoweza kukaguliwa mstari kwa mstari, na ndiyo pekee inayohitaji mamlaka makubwa. Vichambuzi vikabaki upande wa pili bila mamlaka. Pia mradi ukaweka mitambo inayochukua faili za pakiti, inaziharibu baiti hapa na pale kwa kubahatisha, kisha inailisha Wireshark usiku na mchana. Ikianguka, faili iliyoiangusha inahifadhiwa na taarifa inafunguliwa ili mtu aishughulikie.

Mbinu hiyo ya kulisha takataka ndiyo iliyomvua nguo tcpdump mkongwe. Toleo 4.9.0 la mwanzoni mwa 2017 lilirekebisha dosari za usalama kama 40, na Septemba mwaka huo toleo 4.9.2 likaziba nyingine karibu 90. Nyingi zilikuwa zilezile za 1988: urefu ulioaminiwa bila kukaguliwa.

Kuna matengenezo, hata hivyo, ambayo hayakuwa ya kuziba kitu. Kadi za mtandao za siku hizi hukokotoa zenyewe namba ya kuthibitisha uzima wa pakiti, baada ya kinasa kuwa kimeshachukua nakala yake. Matokeo yake Wireshark ilikuwa ikiwatangazia watu kwamba pakiti zote walizotuma zina namba mbovu, na ripoti za dosari zikamiminika, ilhali hapakuwa na kilichoharibika popote. Watunzaji wake waliamua ukaguzi huo uzimwe mpaka mtumiaji mwenyewe auombe.

Na toleo 4.9.3 la tcpdump, lililotoka Septemba 2019, lilikuwa na uamuzi mgumu zaidi. Katika kichambuzi cha SMB, itifaki ya kushirikiana faili ambayo mitandao ya Windows huitumia, dosari mojawapo ilirekebishwa nusu, na nyingine haikuweza kurudiwa kwa uhakika ili ijulikane imepona au la. Badala ya kubahatisha, watunzaji walikizima kichambuzi kizima. Anayekitaka hadi leo inabidi akiwashe mwenyewe wakati wa kuandaa programu.