Walinzi wa Baraza: Watu wa Jinsia Anuwai katika Historia ya Jumuiya za Mtandaoni

Mtu aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja anajua kwamba baraza ni la mwenye nyumba, lakini amani yake hutunzwa na wanaoketi pale kila jioni. Wao ndio wanaojua nani ni mgeni, nani amegombana na nani, na mzaha upi ukitamkwa utamuumiza mtu. Jumuiya za mtandaoni zilizaliwa na desturi hiyohiyo: chombo kina mwenyewe, amani ina walinzi wake. Makala haya yanafuata safari ya kundi moja katika mabaraza hayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970: watu ambao jinsia wanayoishi nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa, pamoja na wale wasiojiona kuwa wanaume wala wanawake. Kuyasoma mapito yao ni kusoma jinsi mtandao ulivyojifunza, na ulivyosahau, kazi ya kuwalinda watu.

Mwanzo ulikuwa mdogo. Tarehe 16 Februari 1978, Ward Christensen na Randy Suess walifungua mjini Chicago ubao wa kwanza wa matangazo wa kompyuta uliofikiwa na umma kwa njia ya simu. Kompyuta ilikuwa moja na laini moja. Mmoja alipoingia, wengine walisubiri. Mwenye kompyuta ndiye aliyekuwa mlinzi. Mwaka uliofuata, Tom Truscott na Jim Ellis wa Chuo Kikuu cha Duke walibuni Usenet, mfumo uliosafirisha mijadala kutoka chuo hadi chuo. Humo, mwaka 1983, Steve Dyer alianzisha net.motss kwa ajili ya wapenzi wa jinsia moja, jina la kifupisho lisilomwambia mpita njia chochote. Katika enzi hiyo, kutoonekana ndiko kulikokuwa ulinzi.

Miaka ya 1990 ilileta jaribio la kuishi waziwazi. Mwaka 1990 Pavel Curtis, mtafiti wa Xerox huko Palo Alto, California, alifungua LambdaMOO, nyumba iliyojengwa kwa maneno matupu, ambamo kila mkazi alijiandikia umbo na jinsia yake. Orodha ya jinsia haikuishia kwa mwanamume na mwanamke. Vilikuwamo hata viwakilishi vilivyobuniwa ili kutotaja mojawapo. Desemba 1992 Curtis alitangaza kwamba wasimamizi wa mitambo hawataingilia tena magomvi ya wakazi. Miezi mitatu baadaye, Machi 1993, mkazi aliyejiita Mr. Bungle aliingia sebuleni na kutumia programu iliyowafanya wahusika wa wenzake waonekane wakitenda mambo ya fedheha. Mmoja wa walioshambuliwa alikuwa amejiandika kuwa roho isiyo ya kiume wala ya kike. Wakazi walikutana, wakabishana hadi usiku, wasifikie uamuzi. Hatimaye msimamizi mmoja akamfuta mshambuliaji peke yake. Curtis akaanzisha utaratibu wa kupiga kura, na mwezi Desemba Julian Dibbell akaliandika tukio hilo katika gazeti la Village Voice la New York. Orodha ndefu ya jinsia haikumfaa mtu pale mlinzi alipoondoka mlangoni.

Wakati huohuo America Online ilikuwa ikiwaingiza Wamarekani wa kawaida mtandaoni kwa mamilioni. Mwanzoni haikuruhusu maneno yanayowataja watu wa jinsia anuwai katika majina ya vyumba vya mazungumzo. Kujitaja tu kulikuwa kosa. Gwendolyn Ann Smith alipigania mabadiliko, na kufikia katikati ya muongo alikuwa akisimamia chumba kilichoitwa Gazebo, ambako watu waliojidhani wako peke yao katika miji yao walikutana na wenzao. Tarehe 28 Novemba 1998, Rita Hester, mwanamke mweusi aliyebadili jinsia, aliuawa katika mtaa wa Allston, Boston. Smith aliona kwamba wenzake mtandaoni walikuwa wamekwisha kusahau mauaji mengine ya namna hiyo yaliyotokea pande zilezile miaka michache kabla. Akaanza kuorodhesha majina ya marehemu, na mwaka 1999 ukafanyika mkesha wa kwanza wa kuwakumbuka. Leo Novemba 20 huadhimishwa katika nchi nyingi. Aliyekuwa akilinda chumba cha mazungumzo ndiye aliyeokoa kumbukumbu za waliouawa.

Sheria nayo iliandaa enzi iliyofuata. Mwaka 1995 mahakama ya New York iliamua kwamba kampuni ya Prodigy iliwajibika kwa kashfa iliyoandikwa na mtumiaji wake, kwa kuwa ilikuwa na desturi ya kuchuja maandishi. Aliyefagia baraza alihukumiwa, asiyefagia akasalimika. Bunge la Marekani lilirekebisha jambo hilo mwaka 1996 kwa kifungu cha 230 cha sheria ya mawasiliano, kinachomkinga mwenye jukwaa dhidi ya mashtaka yatokanayo na maneno ya wengine na kumpa nafasi ya kuondoa anayoyaona mabaya. Tangu hapo kulinda au kutolinda kukawa hiari ya mwenye mali. Kazi yenyewe ilifanywa na watu wasio na mshahara: AOL ilitegemea maelfu ya wasimamizi wa kujitolea, na mwaka 1999 baadhi yao walikwenda mahakamani kudai ujira.

Facebook ilipoanzishwa mwaka 2004, mabaraza madogo yalianza kumezwa na soko moja kubwa, na swali la jina likawa zito. Agosti 2013, mwanajeshi wa Marekani Chelsea Manning alipotangaza jina lake jipya siku moja baada ya kuhukumiwa kifungo cha miaka 35, wahariri wa Wikipedia walibadilisha kichwa cha makala yake siku hiyohiyo, kisha kikarudishwa cha zamani, kisha mwezi Oktoba, baada ya mjadala mrefu, kikawekwa tena kipya. Februari 2014 Facebook iliwapa watumiaji wa Marekani zaidi ya chaguo 50 za kutaja jinsia, lakini mwaka huohuo ikafunga kurasa za watu wasiotumia jina lililo katika vitambulisho. Wasanii wa San Francisco na watu waliobadili jinsia walilalamika, na Oktoba 1 kampuni ikaomba radhi. Mwezi huohuo, Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru Baraza la Mitihani la Taifa libadilishe jina katika cheti cha Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia. California na Nairobi zilikuwa zikijibu swali moja: nani ana haki ya kusema mtu anaitwa nani?

Kati ya mwaka 2014 na 2021 majibu yaliandikwa kuwa kanuni. Coraline Ada Ehmke aliandika mwaka 2014 mwongozo wa maadili kwa watengenezaji wa programu huria. Mwaka 2018 mradi wa Linux ukapokea toleo lake lililotaja wazi utambulisho wa kijinsia. Mwaka huohuo Twitter ilipiga marufuku kumwita mtu kwa makusudi kwa jinsia au jina aliloliacha. Juni 2020 Reddit ilifunga takriban majukwaa 2,000 kwa kukiuka kanuni mpya dhidi ya chuki. Mei 2021 Twitch, jukwaa la matangazo ya moja kwa moja, iliruhusu watangazaji kujitambulisha kwa lebo mpya, miongoni mwazo ya waliobadili jinsia. Kufikia Agosti makundi ya akaunti bandia yalikuwa yakiwavamia watangazaji weusi na wa jinsia anuwai kwa matusi, na Septemba 1 wengi waligoma kutangaza kwa siku nzima. Kuonekana kulikuwa kumekuja kabla ya ulinzi, kama ilivyokuwa LambdaMOO.

Ulinzi huo ulikuwa mikononi mwa nani? Sehemu ya jibu iko Nairobi. Kuanzia mwaka 2019, vijana kutoka Kenya na nchi nyingine za Afrika walioajiriwa na kampuni ya Sama walichuja maudhui ya Facebook, wakitazama kutwa picha za mauaji na kusoma maneno ya chuki, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zao. Mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung, aliishtaki Meta, kampuni mama ya Facebook, pamoja na Sama. Mwaka 2023 wenzake zaidi ya 180 wakafungua kesi yao, na Mei Mosi zaidi ya wafanyakazi 150 wakakubaliana mjini Nairobi kuunda chama. Umuhimu wa mlinzi anayeijua lugha ulidhihirika Poland. Mwaka 2023 mtu aliweka Facebook picha ya mapazia yenye rangi za bendera ya waliobadili jinsia, na maneno ya Kipolandi yaliyofanya mzaha wa kujinyonga. Watu 11 waliripoti mara 12, ripoti nyingi zisimfikie binadamu, na picha ikaachwa. Januari 2024 bodi huru inayokagua maamuzi ya Meta iliamua kwamba ilipaswa kuondolewa: kanuni ilikuwapo, aliyekosekana ni wa kuitekeleza.

Kisha kanuni zenyewe zikaanza kufutwa. Oktoba 2022 Elon Musk aliinunua Twitter kwa dola bilioni 44, na Aprili 2023 katazo la mwaka 2018 likaondolewa kimyakimya. Januari 7, 2025, Meta ililegeza kanuni zake hata ikaruhusu watu kuitwa wagonjwa wa akili kwa sababu ya jinsia au mapenzi yao. Ulaya imeelekea kwingine: sheria yake ya huduma za kidijitali, inayotumika kikamilifu tangu Februari 2024, inayataka majukwaa yaeleze sababu ya kila yanachokiondoa na yasikilize rufaa. Kwingineko, kilichoandikwa na mwenye mali kimefutwa na mwenye mali.

Kilichodumu kwa miaka zaidi ya 40 ni mtu aliyekaa mlangoni akiwajua waliomo ndani, kama Smith katika Gazebo, na mara nyingi bila malipo. Nasi tunaozungumza Kiswahili tumerithi chombo chepesi kwa kazi hiyo. Ugomvi wa viwakilishi uliozigawa jumuiya za Kiingereza haupo kwetu, kwa kuwa “yeye” humtaja mtu bila kuuliza jinsia yake, na “amefika” humkaribisha kila mmoja. Lugha yetu humjeruhi mtu kwingine: katika jina la zamani linalotajwa kwa kusudi, katika “kaka” au “dada” inayotupwa kwa dhihaka, katika picha inayosambazwa ili ajulikane nyumbani na kazini. Hayo hutokea katika makundi ya simu ya mtaa, ya ukoo na ya waliosoma pamoja, ambako hakuna kampuni wala bodi itakayofika kwa wakati. Wewe unayesimamia kundi la namna hiyo, mwite mtu kwa jina analojiita, na dhihaka ikianza, isimamishe siku hiyohiyo.